Kazi ya Huduma Itendeke na Nani? Kumsoma Roland Allen kutoka Usukumani

Katika Biblia ya Union Version, mstari wa 12 wa Waefeso 4 umefasiriwa kwa kitenzi kisichomtaja mtendaji. Kristo ametoa mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na waalimu ili watakatifu wakamilishwe, na kazi ya huduma, kwa neno la watafsiri wetu, "itendeke". Itendeke na nani? Kiyunani chaelekea kuwapa kazi hiyo watakatifu wenyewe, na wafafanuzi wengi wa siku hizi hukubali hivyo. Kiswahili chetu kimeacha mlango wazi, na kwa mlango huo wameingia wachungaji. Msharika asikiaye mstari huu ukisomwa humtazama aliyevaa joho, akidhani kwamba ndiye atakayeitenda.

Mtu aliyelipeleka swali hili mbali kuliko wengi ni Roland Allen, padre wa Kianglikana aliyezaliwa Uingereza mwaka 1868 na kufariki Nairobi mwaka 1947. Kitabu chake juu ya mbinu za umisionari za Paulo kilitoka mwaka 1912. Kile cha kuenea kwa Kanisa kwa nguvu yake lenyewe kikafuata mwaka 1927, na hoja yake juu ya makasisi wasiolipwa mshahara ikakamilika katika kitabu cha mwaka 1930. Vitabu hivi vingali vikisomwa katika vyuo vya theolojia, na vyastahili. Lakini twaona kwamba husomwa kwa heshima mno na kupimwa kidogo mno. Makala hii yakusudia kuvipima, na mahali pa kuvipimia tumechagua Kalemela.

Kalemela ni kata katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 na wenye makao yake makuu Bariadi. Kabla ya hapo Busega ilihesabiwa upande wa Magu, Mkoa wa Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Injili si ngeni huko: kituo cha Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, kilikuwa cha Waanglikana wa CMS kabla ya kukabidhiwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Sisi Walutheri tumekuja nyuma ya wengine, na mitaa yetu katika sehemu hizo ni midogo na imetawanyika. Hatutasimulia habari za mtaa mmoja. Twasema juu ya hali ambayo kila mchungaji aliyetumika katika vijiji vya Usukumani ataitambua bila kuelezwa: usharika mmoja, mchungaji mmoja, mitaa mingi, na pikipiki isiyopita katika udongo mweusi wa mbuga mvua zikinyesha.

Turudi kwa Allen. Alikuwa mmisionari kaskazini mwa China tangu mwaka 1895 hadi afya ilipomrudisha kwao mwaka 1903. Huko aliona makanisa yaliyofundishwa kungoja. Yalingoja padre na fedha kutoka ng'ambo, na yalipoambiwa kwamba hayajakomaa yalingoja pia kukomaa. Aliporudi kwa Paulo, alishangazwa na muda. Ilimtosha Paulo miaka kumi hivi kusimamisha makanisa katika majimbo manne ya Dola ya Rumi, kisha akaondoka. Hakuacha makatekumeni wa milele. Aliacha Injili, Ubatizo, Meza ya Bwana, Maandiko na wazee waliowekwa katika kila kanisa (Matendo 14:23), akamwamini Roho Mtakatifu kwa mengine yote. Allen akauliza: kama wazee wa Listra walitosha kwa Paulo, kwa nini wazee wa vijiji vya China hawatoshi kwa maaskofu wa Kiingereza?

Swali hilo ni zito, na likiletwa Kalemela halipungui uzito. Tufikirie Jumapili ya kawaida katika mtaa wa huko. Ibada yaongozwa na mwinjilisti, au na mzee wa kanisa ikiwa mwinjilisti yuko mtaa mwingine. Mahubiri yapo, maombi yapo, kwaya ipo, sadaka ipo. Na baada ya ibada kuku na mtama vilivyotolewa madhabahuni vyanadiwa chini ya mti kwa kicheko kingi. Mgonjwa atembelewa na wanawake wa jirani. Msiba ukitokea, ni mwinjilisti azikaye. Kisichopo ni Chakula cha Bwana, maana mwenye kukitoa yuko mbali na ana mitaa mingine ya kuzunguka. Kwa hiyo kusanyiko lililo na kila dalili ya kuwa Kanisa hukosa, majuma kwa majuma, jambo ambalo Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 7, lasema kwamba ni alama ya Kanisa. Tumeizoea hali hii hata hatuioni tena kuwa ni kasoro. Allen aliiona. Kwake, kuunyima ushirika sakramenti kwa sababu ya upungufu wa watu wenye shahada ni kuweka mapokeo ya wanadamu juu ya agizo la Bwana, na katika hili hatuna neno la kumjibu.

Basi, dawa yake ni ipi? Ni kuwabariki watu wa mahali pale pale: watu wazima, wenye nyumba zao na kazi zao, wenye sifa zilizotajwa katika 1 Timotheo 3, watakaoendelea kulima au kufundisha shule huku wakiihudumia madhabahu bila mshahara. Hao ndio makasisi wa kujitolea aliowapigania kwa miaka mingi.

Hapa ndipo tunapoanza kutofautiana naye. Allen alikuwa Mwanglikana wa mrengo uliothamini sana daraja na sakramenti. Mapadre wakiwa wachache, yeye huongeza mapadre. Ukimsoma kwa makini utaona kwamba msharika asiyebarikiwa, yaani wengi katika kila kusanyiko, ana nafasi kubwa katika kuitangaza Injili, lakini katika kulitawala na kulipima Kanisa nafasi yake haielezwi kwa uthabiti ule ule. Ushirika wa Allen wafunguliwa kutoka mkono wa mmisionari ili ukabidhiwe kwa wazee watatu au wanne waliowekewa mikono. Hilo ni jambo jema. Ila mtu aweza kulitimiza lote na bado akawa na washarika mia wanaowatazama wazee wanne wakifanya kazi.

Msomaji wa Kilutheri anayo hazina nyingine, nayo ni ya zamani kuliko Allen kwa miaka mia nne. Mwaka 1520 Luther aliwaandikia wakuu wa taifa la Ujerumani kwamba Ubatizo ndio umfanyao mtu kuwa kuhani, na kwamba tofauti kati ya mchungaji na mshona viatu ni ya kazi, si ya hali mbele za Mungu. Mwaka 1523 aliandika vitabu viwili vifupi ambavyo twasikitika kwamba wanafunzi wetu husikia majina yake tu. Kimoja chatetea haki ya kusanyiko kupima mafundisho na kuita waalimu. Kingine kilipelekwa Praha, kwa Wabohemia waliokuwa na makusanyiko bila mapadre, na ambao iliwabidi kuwatuma watu wao mbali hadi Italia kutafuta maaskofu wa kuwawekea mikono. Msomaji na aone jinsi hali ile ilivyo jirani na ya Kalemela. Luther hakuanza kwa kuhesabu mapadre. Alianza kwa kuhesabu kazi za kikuhani, kufundisha, kubatiza, kuombea wengine, kupima mafundisho na nyinginezo, akionyesha kwamba kila moja ni mali ya Wakristo wote. Baada ya hapo ndipo alipowashauri wakutane, waombe, wachague mmoja au zaidi kati yao, wawawekee mikono, na kuwapokea kama wachungaji halali. Huduma ya wazi hutolewa na wote kwa mmoja kwa sababu ni ya wote. Kwa hiyo kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg, kisemacho kwamba asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti mtu asiyeitwa ipasavyo, si uzio wa kuwazuia washarika. Ni ulinzi wa haki yao, ili mtu mmoja asijitwalie kilicho cha wote.

Haki yadai tuseme pia kwamba Luther hakubaki pale. Baada ya vita vya wakulima vya mwaka 1525 akawaogopa wahubiri wasio na wito, na mwaka 1532 akaandika kwa ukali juu ya wahubiri wa vichochoroni. Makanisa yetu yamerithi hofu ile kwa ukamilifu kuliko yalivyorithi maandishi ya mwaka 1523. Mwinjilisti akihubiri vizuri kupita kiasi, kuna mchungaji ambaye hulala vibaya.

Udhaifu wa pili wa Allen wahusu neno lenyewe la kujitolea. Yeye aliliandika akiwafikiria watu kama daktari, mwalimu au mfanyabiashara, wenye kipato na wenye siku ya saba iliyo huru. Kalemela, mtu wa kujitolea ni mkulima wa pamba. Mvua za mwanzo zikinyesha hana siku ya ziada. Palizi humngoja, na pamba ikiiva yapaswa kuvunwa na kufikishwa sokoni msimu wa ununuzi ukiwa bado umefunguliwa. Mzee wa kanisa akisafiri siku mbili kwenda kikao cha usharika wakati wa palizi, nyumba yake imelipa sadaka ambayo haimo katika kitabu cha mtunza hazina. Tena katika nchi yetu neno hili lina historia. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hata kabla yake, wanavijiji wameitwa kujitolea kujenga shule, barabara na zahanati. Mengi yaliyojengwa yalikuwa mema, lakini mara nyingi mwito ulishuka kutoka juu na aliyekosa alitozwa faini. Kiongozi wa Kanisa asemapo leo "washarika wajitolee", masikio ya kijijini husikia sauti wanayoifahamu. Allen hakuweza kulijua hilo, wala hatumlaumu. Twawalaumu wanaomnukuu leo ili kuipunguzia dayosisi gharama.

Maana ndivyo anavyotumiwa, na hapa hatuna budi kusema waziwazi. Hoja ya Allen ilikuwa kwamba ushirika usikose sakramenti kwa ajili ya fedha. Katika vikao vingi hoja hiyo imegeuzwa kuwa kwamba mwinjilisti asilipwe. Paulo, ambaye Allen amjenga kuwa kielelezo, alishona mahema kwa hiari yake. Lakini katika 1 Wakorintho 9 aliitetea kwa nguvu haki ya mhubiri kula kwa Injili kabla ya kusema kwamba yeye hakuitumia. Haki ambayo mtu haikupewa hawezi kuiacha. Mwinjilisti ambaye posho yake haifiki kwa miezi hajajitolea, amekopwa.

Ziko pia sehemu ambazo Allen ni mkimya, na ukimya wake mkubwa wahusu wanawake. Wazee wake ni wanaume, wenye nyumba, kama alivyowasoma katika nyaraka za kichungaji. Lakini Warumi 16 ni barua ya Paulo yule yule, naye huko amtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Priska kabla ya mumewe. Katika mtaa wa kijijini ukitoa wanawake hakuna anayetembelea wagonjwa wala anayefagia kanisa, kwaya yabaki na besi tupu, na chumba cha watoto wa shule ya Jumapili chakosa mwalimu. Makanisa yetu yalianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji katika miaka ya mwanzo ya 1990, dayosisi moja baada ya nyingine. Hata hivyo baraza la wazee katika mtaa mdogo mara nyingi lingali na wanawake wachache kuliko wale waliomo jikoni wakilipikia baraza hilo.

Kwa upande mwingine, Usukumani kuna kitu ambacho kingemfurahisha Allen. Wasukuma walikuwa na vyama vya vijana vya kulima pamoja, chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, naye alitokana na wenzake. Walilima shamba la mmoja, kisha la mwingine, kwa ngoma na jembe, na ngoma ya bugobogobo yaendelea kushuhudia hadi leo. Hatusemi kwamba Kanisa liige kila kitu. Vyama vile vilikuwa na ukali wake na mashindano yake. Twasema kwamba mtu wa Kalemela hahitaji kufundishwa na mwanafunzi wa theolojia maana ya kugawana kazi. Anachohitaji kuelezwa ni kwa nini, akiingia kanisani, hekima hiyo yabaki nje pamoja na baiskeli yake.

Twashangaa zaidi tukikumbuka mahali Allen alipomalizia maisha yake. Alihamia Kenya katika miaka ya 1930, akajifunza Kiswahili uzeeni, na kuyageuza kwa Kiingereza maandiko ya Waswahili Waislamu, yakiwamo Inkishafi na Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Ni kazi ya heshima, ambayo wanafunzi wa lugha huijua kuliko wanatheolojia. Na wakati ule ule, ng'ambo ya Ziwa, ushahidi wa mambo aliyoyadai ulikuwa ukiishi. Bukoba, Wahaya waliokwisha kujifunza Injili Buganda walikuwa wakikutana na kusoma kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa Wajerumani, waalimu na wazee ndio waliobaki na makusanyiko. Kilimanjaro nako wamisionari wa Leipzig walilazimika kuondoka mwaka 1920, na Kanisa halikufa. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulienezwa kwa sehemu kubwa na watu wasiobarikiwa, kama Simeoni Nsibambi na William Nagenda, wakikutana majumbani na kuungama bila kungoja ratiba ya mchungaji. Askofu Josiah Kibira, aliyekulia katika Uamsho huo na baadaye akawa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, aliliandika suala la Kanisa na ukoo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Mwanafunzi atakayesoma kitabu hicho sambamba na vya Allen atagundua jambo ambalo Allen hakulitilia maanani vya kutosha: kusanyiko halianzi likiwa jumla ya watu binafsi wanaongoja wazee wawekwe juu yao. Tayari lina shangazi, wajomba na majirani, na kazi ya huduma hupita katika mishipa hiyo kabla haijapita katika kamati.

Kutokana na hayo yote, swali la kubarikiwa kwa wainjilisti laweza kujibiwa kwa utulivu zaidi. Sisi twaafiki kwamba mwinjilisti aliyelitumikia kusanyiko kwa miaka, aliyepimwa na washarika wenyewe na kufundishwa kwa kozi inayolingana na kazi yake, aitwe na kubarikiwa atoe sakramenti mahali hapo. Wapo wanaohofia kwamba tutapata wachungaji wa daraja la pili. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kumlipa na kumketisha katika vikao sawa na wenzake, wala si kumwacha azike watu bila kuwapa Meza. Wapo pia wanaohofia mafundisho potofu. Luther naye aliihofia hatari hiyo baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia, naye mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, akaiweka mkononi mwa mkuu wa nyumba aifundishe nyumba yake. Alimjibu mchungaji mjinga kwa kumfundisha baba na mama.

Ila kubariki wainjilisti ni nusu tu, na ni nusu iliyo rahisi. Mtaa wa Kalemela ukipata mchungaji wake mwenyewe kesho, yamkini washarika watafurahi, watachinja, kisha watamwachia kila kitu. Nusu nyingine iko vyuoni mwetu. Twawafundisha wanafunzi kuhubiri, na twawapima kwa mahubiri yao. Kumfundisha mtu mwingine kuhubiri hatukupimi. Mwanafunzi aweza kumaliza masomo yake bila kuketi hata mara moja na wazee watano wasiojua Kiyunani ili kuandaa nao ibada ya Jumapili, na bila kumsikiliza mama mmoja akieleza andiko alivyolielewa akiwa shambani. Anatoka akiwa na ujuzi wa kutenda peke yake. Usharikani hupokewa kwa heshima kubwa, hupewa kiti cha mbele, na tangu siku hiyo kazi ya huduma yatendeka na yeye.

Vyuo vya Kilutheri vya Afrika Mashariki vina muda wa mazoezi ya kazi katika sharika, na muda huo wafaa kuanzia. Pendekezo letu ni dogo. Mwanafunzi arudipo, ripoti yake isiulize amehubiri mara ngapi. Iulize ni washarika wangapi, kwa majina na kwa kazi walizokabidhiwa, wanaofanya leo lile alilolifanya yeye alipofika; na iwe na sahihi ya baraza la wazee la mtaa ule, si ya mchungaji msimamizi peke yake.